Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Ugomvi wa vumbi katika nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ulianza pale mume wangu alipohamishia useremala uani. Mvule ukipasuliwa, vumbi lake huingia kila mahali: kwenye kanga zilizoanikwa, kwenye mchele uliokwishapepetwa, na zaidi ya yote puani mwa mama mkwe. Yeye hupiga chafya mfululizo, kisha huuliza, kwa sauti ya kufika kwa jirani, kama mwanawe amekusudia kumzika kabla ya Idi. Hatii chumvi sana. Vumbi la mvule huwasha macho na kubana kifua, na tangu 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani.

Shemeji akaleta dawa: mashine ya kufyonza vumbi, mtumba wa Uingereza, tumbo la chuma na mifuko miwili ya kitambaa. Muuzaji alimwambia, "Chomeka tu."

Mota ilikuwa ya hospawa 3. Ya namna hiyo ikishashika kasi hula ampea 13 au 14 hivi, lakini wakati wa kuanza hutaka hata mara tano ya hizo. Fyuzi ya plagi ikakatika papo hapo. Ikawekwa nyingine, nayo ikakatika. Ndipo shemeji, bingwa wa njia za mkato, alipoivingirishia fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na mashine ikaamka.

Ilinguruma! Taa zikafifia, mama mkwe akatoka na tasbihi mkononi. Vumbi lilifyonzwa kweli, na mume wangu akawa anamwita kila mpita njia aje aone meza yake ya msumeno ilivyo safi. Mimi nilikwenda kutazama mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla.

Umeme wenyewe ulitoka soketi ya jikoni kwa ekstensheni ndefu, nyembamba, ambayo nusu yake ilibaki imezungushwa kwenye gurudumu, tena chini ya gunia la maranda. Waya uliozungushwa hivyo hauna pa kutolea joto. Mama mkwe ndiye aliyenusa.

"Nani anachoma ndala?"

Gunia lilikuwa linafuka moshi. Mume wangu akakimbilia ndoo ya maji; mama yake akamdaka shati. "Zima mein swichi kwanza, we!" Hajasomea umeme. Amelea wavulana sita.

Fundi umeme aliyekuja kesho yake aliitazama ile fyuzi, akacheka, akaitia mfukoni akawaonyeshe wanafunzi wake. Akavuta laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, waya mnene, breka ya aina inayostahimili kishindo cha mota kuanza, na waya wa ethi uliofungwa mpaka kwenye chuma cha mashine. Akaongeza swichi ambayo umeme ukikatika na kurudi, au LUKU ikiisha tukanunua nyingine, mashine haiamki yenyewe mtu akiwa ameingiza mkono. Hiyo niliipenda kuliko vyote. Kisha akamgeukia shemeji kuhusu kutumia grenda karibu na mashine hiyo: cheche yake ikifyonzwa inaweza kulala ndani ya maranda kwa saa kadhaa, halafu iwake ninyi mmelala. Mfuko umwagwe nje kila jioni.

Tulidhani yamekwisha, mpaka fundi alipotaja kwamba kitambaa kikuukuu kama kile huzuia maranda, lakini vumbi laini kabisa hupenya.

"Kwa hiyo linalonikohoza mimi bado linatoka?" aliuliza mama mkwe.

Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Mashine imehamishiwa nyuma ya ukuta, bomba linapita dirishani, na mbao hazikatwi mpaka mama mkwe aanue nguo zake na mume wangu avae barakoa. Kilichobaki ni LUKU. Nimesema itoke kwenye pesa ya useremala, si ya jikoni, na shemeji anapinga mpaka leo, ingawa hajawahi kununua hata uniti moja.