Mzike Kidukari Kabla Hajauzika Mkrismasi Wako

Vitabu vya bustani vya Ulaya vina kurasa nyingi za kutibu msprusi. Vifunge. Hapa Sirari, wilayani Tarime, hatuna mti huo. Tulio nao ni mkrismasi, yaani saipresi, wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambao umeukubali ubaridi wa Tarime na kutupa uzio mzuri kuliko mabati. Ndiyo maana inauma kuona unavyokufa huku mwenyewe akitafuta mchawi.

Hatua ya kwanza: acha kumsingizia shangazi. Uzio ukianza kuwa kahawia upande mmoja, wenye nyumba hukumbuka nani alipita akausifia. Shangazi hana kesi. Tenganisha matawi kwa mikono miwili, ingiza kichwa ndani kabisa. Kwenye vijiti vyembamba utawakuta vidukari wa kahawia wenye vumbi la kijivu mgongoni, wamebanana wakinyonya. Sisimizi wanaopanda na kushuka wanafuata majimaji matamu wanayotoa hao wanyonyaji, na yale masizi meusi kwenye majani ni kuvu iliyoota juu ya utamu huohuo.

Kidukari huyu mgeni alionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 alikuwa ameshaingia Kenya. Huku kwetu hahitaji dume: wote ni majike na wanazaa watoto hai. Mate yake yana sumu, hivyo tawi huendelea kukauka hata yeye akishahama. Kiangazi ndicho kinachomnenepesha; mvua kubwa humwangusha. Basi ukiwa na miti michache, mwangushe mwenyewe: chukua mpira wa maji, elekeza ndani ya matawi kwa nguvu, rudia baada ya siku chache, na hakikisha mti haupati kiu.

Wewe unayepulizia dawa kali ya pamba kila Jumamosi, weka bomba chini. Wataalamu walileta nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, na kumwachia Malawi mwaka 1994. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kidukari, na buu lake humla kutoka ndani. Dawa yako inamuua askari pamoja na mwizi, na mwizi ndiye anayezaliana haraka.

Sasa Desemba. Huu ndio mwezi tunaoutesa mti huu kwa jina la kuusherehekea. Vijana wananing'inia, wanachana matawi kwa mikono, gome linabanduka hadi kwenye shina. Kwenye kidonda hicho huingia kuvu ya donda la gome: gome linapasuka, ulimbo unachuruzika, tawi moja linakauka huku mengine yakiwa mabichi. Ugonjwa huu si mzaha. Jirani zetu Wakenya walilazimika kuacha kupanda aina nyingine ya saipresi, macrocarpa, kwa sababu yake, wakageukia hii tuliyo nayo. Kata tawi siku kavu, kwa msumeno mkali, chini ya sehemu iliyougua. Futa meno ya msumeno kwa spiriti kabla ya kugusa mti wa pili. Tawi lichomwe, lisitupwe nyuma ya choo. Na usikate hadi kwenye mti mtupu usio na jani la kijani, kwa kuwa hapo hapachipui tena.

Mti ukinyauka wote kwa pamoja, chimba. Ukibandua gome la mzizi ukakuta utando mweupe unaonuka uyoga, ni uozo wa mizizi uliotoka kwenye kisiki cha zamani. Ng'oa vyote viwili, na usipande mkrismasi mwingine hapo. Mchwa nao wabomolee njia zao za udongo. Oili chafu ya pikipiki unayomwaga shinani kuwafukuza inaua ardhi yako.

Miche ndiyo inayonitia hofu zaidi. Bodaboda akiivusha kutoka Isebania, upande wa Kenya, kwa njia ya panya, amevusha na abiria wake wote. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ipo, na mkaguzi ndiye wa kuiona miche kwanza. Hata mche wa sokoni, uinue, ugeuze, chungulia vijiti vya katikati mbele ya muuzaji. Ukiona sisimizi wanapanda, mwachie mche na sisimizi wake.