Kadi milioni 12, na ile yangu moja

Jamani, nani alisema popo ni ndege? Mimi. Nimesema kijiweni, mbele ya watu saba, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Ana mabawa. Anaruka. Sasa mnataka awe nini, ng'ombe? Dogo mmoja wa chuo, mtoto wa mwenye nyumba wangu, akasema popo ni mnyama, tena ananyonyesha. Tukawekeana. Atakayeshindwa anawanywesha wote kahawa, na kashata juu. Nikatoa simu kwa madaha nigugo nimwaibishe. Bando limekata. Nikaomba kukopeshwa. Ikaja meseji kwamba bado nina deni la mwezi wa tatu. Ikasomwa kwa sauti na mzee aliyekaa nyuma yangu, mzee ambaye kila siku analalamika macho yake hayaoni.

"Usijali, anko," dogo akaniambia. "Zamani watu waligugo bila bando. Walikuwa na kadi."

Nikamwambia hizo nazijua sana, nilikuwa nazikwangua kwa ukucha mpaka namba zinatoka na rangi. Kijiwe kizima kikacheka. Kumbe siyo kadi za vocha.

Kumbe huko Brussels, Ubelgiji, kulikuwa na jamaa anaitwa Paul Otlet. Mwanasheria. Baba yake tajiri wa tramu, alijenga njia za tramu mpaka nchi za watu. Ukizaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo unapata nafasi ya kuwaza makubwa. Na mimi baba yangu alikuwa mtu wa usafiri, utingo wa lori, ila nilichorithi ni kuharibikiwa njiani.

Basi mwaka 1895 huyu Otlet na mwenzake Henri La Fontaine, yule aliyekuja kupewa Nobel ya Amani mwaka 1913, wakaamua kuorodhesha kila kitabu na kila makala iliyowahi kuchapishwa duniani. Siyo ya Ubelgiji. Ya dunia. Kila moja na kadi yake, sentimita 12.5 kwa 7.5. Mwaka huohuo ulipokwisha walishafika kadi 400,000. Wakaendelea miaka na miaka mpaka zikapita milioni 12, zimesimama kwenye makabati ya mbao, droo juu ya droo. Mahali penyewe baadaye pakaitwa Mundaneum. Mimi cheti changu cha kuzaliwa nakitafuta tangu 2014, na naishi chumba na sebule.

Sasa kadi milioni 12 unazipataje? Hapo dogo akaanza kuchora chini kwa kijiti. Walichukua namba za maktaba za Mmarekani Melvil Dewey, wakazitanua. Utabibu 61, kilimo 63, mambo ya nyumbani 64, sheria 34. Jambo moja likigusana na jingine, unaweka nukta mbili katikati. Nikaelewa haraka kuliko wote. Nyumbani, nukta mbili, sheria: 64:34. Hiyo ni ndoa yangu.

Ukiwa na swali, unawaandikia barua au unapiga telegramu. Wafanyakazi wanakwenda kwenye droo, wanakunakilia kadi zinazohusu swali lako, wanakutumia kwa posta, na unalipia. Kufika 1912 walikuwa wanajibu maswali zaidi ya 1,500 kwa mwaka. Na kama swali lako linaelekea kuleta majibu zaidi ya 50, wanakuonya kwanza! Hapo nikawapenda. Mimi juzi niliiuliza simu kuhusu maumivu ya kiuno, ikaniletea majibu mamilioni. La tatu likasema nianze kupanga mirathi.

Nikakaa nikawaza. Kama huduma ile isingekufa, si leo kila mtaa ungekuwa na dirisha lake? Nakuambia ningepanga foleni. Dada wa dirishani hatabasamu. "Popo. Mnyama au ndege? Sema haraka, kuna watu nyuma yako." Swali linapanda meli kwenda Brussels. Jibu linarudi wiki ya sita. Wiki zote sita hizo naishi Mbagala kama mshindi! Kisha nikakumbuka jambo, jasho likanitoka. Kwenye simu unafuta historia, yameisha. Kwa yule dada unafuta nini? Kila ulichouliza ameandika kwa wino, na yuko kikoba kimoja na mama watoto.

Tena huyu Otlet mwaka 1934 aliandika kitabu akisema itafika siku meza ya kazi haitakuwa na kitabu hata kimoja. Itakuwa na skrini na simu. Vitabu vyote viko mbali kwenye jengo kubwa, wewe unaomba ukurasa kwa simu, unautazama kwenye skrini. Mwaka 1934, ndugu yangu! Mimi mwaka 2009, mbele ya kompyuta, nilipoambiwa nishike kipanya, niliinua miguu.

Basi nikarudi nyumbani moto unawaka kichwani. Kama Mbelgiji aliweza dunia nzima, nitashindwa chumba na sebule? Kadi nilizipata bure. Wewe uliyeoa, ukazaa na kuwa na majirani, unazijua kadi za michango ya harusi. Nilikuwa nazo rundo chini ya godoro. Mbele maua na majina ya bwana na bibi, nyuma nyeupe kabisa, na ukubwa karibu ni uleule. Nikatafuta maboksi ya viatu. Nikaanza kuandika. Bei ya mkaa mwezi kwa mwezi. Namba ya fundi bomba. Lini tuliazima sufuria, lini tuliulizwa. Ninaowadai: kadi moja. Wanaonidai: boksi, na jingine dogo. Zote nikazipa namba, nukta mbili kila mahali. Usiku mama watoto ananitazama nimeinama na kalamu, anadhani naandika wosia, akawa mpole siku mbili.

Siku ya tatu upole ukaisha. Wanakikoba walikuwa wanakuja, sebule inatakiwa. Maboksi yakatolewa barazani. Nikamwambia historia inajirudia, mke wangu, mwaka 1924 serikali ya Ubelgiji ilimtoa Otlet kwenye vyumba vyake kupisha maonyesho ya mpira. Akauliza mechi gani. Na mimi nilipoambiwa na dogo niliuliza hivyohivyo! Siyo huo. Mpira wa matairi na ndala, ule ambao Wakongo waliugema kwa mateso. Kadi za elimu ya dunia zikapisha ndala. Akasema vizuri, na zako zipishe viti.

Ndio nimekaa barazani na maboksi yangu, anapita mzee mmoja wa mtaa wa pili. Mtu wa heshima. Bomba lake limepasuka, ananiuliza kama namjua fundi. Mimi moyo ukadunda kwa furaha. Mteja wa kwanza! Nikamwambia, karibu mzee, kaa, hapa hakuna bando. Nikafungua boksi la pili. Nyumbani 64, nukta mbili, ujenzi 69. Vidole vikatembea juu ya kadi kama karani wa Brussels. Sekunde kumi tu. Nikaichomoa, nikampa kwa mikono miwili.

Mzee akasoma namba ya fundi. Akaingiza kwenye simu yake taratibu. Kisha akaigeuza ile kadi.

Akainyamazia muda mrefu. Mbele kulikuwa na maua, jina la binti yake, jina langu limeandikwa kwa mkono, na ombi la kuchangia shilingi 50,000. Harusi ilishapita mwaka jana. Binti ameshajifungua. Mimi kadi niliichukua, nikaahidi, na siku yenyewe nikala mara mbili.

"Umeitunza vizuri," akasema. Hakusema lingine. Akatazama maboksi. Moja, mbili, tatu. "Na hizo nyingine ni za kina nani?"

Jioni ile ilikuwa ndefu. Katibu wa kamati ya harusi ya mtaa alikuja. Mwekahazina akaja na daftari. Wakaketi barazani kwangu wakazipitia zote, upande wa maua, moja baada ya nyingine, na lazima niseme ukweli, zilipangwa vizuri, hawakupoteza muda. Mama watoto alipojua jumla, alifunga mlango kwa ndani. Nikabaki kizingitini. Nikamkumbuka Otlet. Mwaka 1934 serikali iliifunga Mundaneum, na yeye akakaa nje ya mlango uliofungwa akipinga, hakuna aliyemfungulia. Mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia nchi wakaondoa kadi na makaratasi ili waweke maonyesho ya sanaa yao, mengi yakateketezwa. Alikufa 1944. Yaliyosalia yako mji wa Mons, huko huko Ubelgiji, makumbusho yake yalifunguliwa 1998, na droo unaziona. Zangu ziliwashia jiko asubuhi. Chai iliiva vizuri tu.

Na popo ni mnyama. Dogo alinionyesha kwenye simu yake, na picha ya mtoto akinyonya. Kahawa saba na kashata saba nimelipa nusu. Nusu nyingine muuza kahawa ameiandika kwenye gamba la boksi la sigara, amelitundika kwenye msumari, na halina namba wala nukta mbili, lakini kila nikipita analiona.