Inauzwa Blenda Nzima

Nyumbani kwetu kitu kinachodumu kuliko vyote ni boksi. Juu ya kabati la chumbani yamepangana maboksi ya pasi, birika la umeme na feni, ilhali vyenyewe vilishajifia zamani. Mke wangu hataki yatupwe. "Ukirudisha kitu bila boksi hawapokei," husema, ingawa hakuna duka lililowahi kumpokelea chochote.

Blenda ndiyo iliyotia fora. Waranti ilikuwa ya mwaka mmoja, nayo blenda ikaheshimu mkataba hadi siku ya mwisho. Wiki iliyofuata, embe zikiwa ndani, mota ikaunguruma na visu vikatulia tuli. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Skrubu zake zilikuwa na tundu la pembetatu, tena zimezamishwa ndani ya mashimo marefu. Fundi alijaribu bisibisi zote za kibandani, akaingia na ncha ya kisu, mwisho akapasha msumari moto ukawa mwekundu, akayeyushia plastiki. Kumbe mota nzima kabisa, waya zake za shaba zinang'aa. Kilichokwisha ni gea ya plastiki, ukubwa wa kizibo cha soda, meno yote yamelika.

"Spea yake?"

"Haiuzwi, bosi. Inauzwa blenda nzima."

Watu ni wepesi kuwasingizia Wachina, lakini mchezo huu wa kutengeneza vitu vife mapema una wazee wake. Mwaka 1924, huko Geneva, wakubwa wa viwanda vya balbu, Osram na Philips wakiwemo, walikaa kikao wakakubaliana balbu iishi saa 1,000 tu, wakati zilizokuwepo ziliweza kupita 1,500. Kiwanda ambacho balbu zake zilikawia kufa kilitozwa faini. Hebu mfikirie fundi wa kiwandani anaitwa ofisini kukaripiwa kwa kazi nzuri! Na pale Livermore, California, kituo cha zimamoto kina balbu iliyowashwa 1901. Ukiacha mapumziko machache, mpaka leo inawaka. Hiyo ingefilisi watu.

Bibi yangu ana cherehani ya miguu, Singer, aliyopewa alipoolewa. Ikigoma huitia tone la mafuta, mara chache mkanda mpya, kisha huendelea kushona mashuka. Nilipomsimulia mkasa wa blenda akataka kujua waranti ni kitu gani.

"Ni karatasi ya kukuonyesha kitu kitakaa salama mpaka lini."

"Yaani walikuandikia kabisa siku ya kufa," akasema, macho yakiwa kwenye sindano, "na bado ukawapa hela?"