Sifa Zake Dada wa Ramani

Katika wote wanaopanda gari na kumwelekeza dereva, kuanzia mkwe aliyeketi kiti cha mbele mpaka mtoto aliyelala nyuma akazindukia Chalinze, ni mmoja tu asiyepata kusema "si nilikwambia?" Huyo ni dada wa ramani, msemaji wa simu zetu, na anastahili kusifiwa bila kubaniwa. Ukipita kona aliyokuonyesha, hanuni. Haulizi masikio yako yalikuwa wapi. Hakumbushii kona uliyoipita Krismasi ya mwaka juzi, wala hawaingizi ndugu zako katika habari hiyo. Hunyamaza kidogo, akapiga hesabu, kisha akakwambia kwa sauti ileile ya mwanzo: baada ya mita mia tatu, kata kushoto. Ukikaidi tena, atahesabu tena. Unaweza kumkaidi kutoka Kibaha mpaka Tunduma, zaidi ya kilomita 800, usisikie hata mguno. Makungwi wangekuwa na akili wangeiweka simu katikati ya mkeka kichen pati nzima, bibi harusi ajifunze jinsi mtu anavyopuuzwa bila kupandisha sauti, na bwana harusi asibaki nje, aitwe naye aje asikilize. Mabaraza ya kata yangempa dada huyu kiti cha kudumu cha usuluhishi. Vyama vya siasa vingemkabidhi kura za maoni. Na kwa nini tuishie huko? Mtu wa aina hii anafaa uwaziri. Waziri anayeulizwa bungeni kwa nini daraja halijakamilika angejifunza kwake kanuni nzima ya kazi: usikiri, usikane, taja tarehe nyingine.

Maana siri ya upole wake iko hapo. Dada hanuni kwa sababu hajapata kujiona amekosa. Akikuingiza kwenye njia inayoishia bondeni, kosa ni la bonde. Akisema "umefika" na wewe unatazamana na shamba la mihogo na mbuzi wawili, basi umefika, na kama harusi uliyoalikwa haipo hapo, walioalika ndio waulizwe. Hasemi samahani, kwani samahani ni ya aliyekosa. Hurudi kwenye hesabu zake akiwa msafi kama mtoto wa siku saba, huku wewe ukirudi kinyumenyume mita mia nne katikati ya miiba, umetoa kichwa dirishani, na rangi ya mlango inabaki kwenye matawi. Ni utulivu wa kupendeza. Ni utulivu unaomfanya mtu atamani kuitupa simu mtoni.

Fadhila zake nyingine nizitaje harakaharaka. Anafundisha jiografia: mwaka 2009 wenzi wawili kutoka Sweden waliokuwa wakielekea kisiwa cha Capri, kusini mwa Italia, walijikuta katika mji wa Carpi, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, kwa sababu ya herufi mbili zilizobadilishana nafasi walipoandika. Bila dada, Carpi wangeijulia wapi? Ni mpenda usawa: barabara kuu na kinjia cha ng'ombe kwake ni ndugu, mradi vyote vimechorwa mstari. Jina la Mwananyamala hulitamka kwa namna inayowafanya wakazi wake wajione wageni. Na Nairobi, tangu barabara ya juu ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27, ilipofunguliwa mwaka 2022 juu ya barabara ya zamani, dada amekuwa na nafasi nzuri ya kutufundisha kutojali makuu. Akitazama kutoka mbinguni, aliye juu na aliye chini wako kwenye nukta ileile, hata kama mmoja wao amelipa.

Lakini sifa ikizidi bila ushahidi huwa ni kejeli, kwa hiyo tuutazame ukoo wake. Dada hupata habari kutoka kwa setilaiti za Marekani zisizopungua 24, zinazoelea kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikiizunguka dunia mara mbili kwa siku. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kuwa tayari mwaka 1995. Simu yako husikiliza angalau nne kwa pamoja, hupima muda ambao mawimbi ya kila moja yametumia njiani, na kutokana na tofauti hizo hujua ilipo. Saa zilizomo ndani ya setilaiti ni za atomu, na hata hizo hazikuachwa hivihivi: kwa sababu ya kanuni za Einstein, saa iliyo juu huko hukimbia mbele ya saa ya ardhini kwa takribani sekunde 38 zilizogawanywa mara milioni, kila siku. Ni kitu cha kupuuzwa, au ndivyo mtu angedhani, lakini kisiporekebishwa makadirio yangepotoka kwa kilomita kumi hivi katika siku moja. Basi wamekirekebisha. Palipo na anga wazi, simu ya kawaida hujua mahali ulipo kwa tofauti ya mita tano hivi. Tena kulikuwa na wakati ambapo Wamarekani waliyachafua kwa makusudi mawimbi wanayopewa raia ili wasipate usahihi wa kijeshi, na uchafuzi huo ulikoma Mei 2000. Jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani, likiwa na wataalamu na fedha, lilipoamua kuwapotosha watu liliweza mita mia hivi. Halmashauri isiyo na setilaiti hata moja inakupoteza kilomita arobaini kwa kusahau kibao kimoja tu.

Hapo najua nitapingwa. Mtu atasema setilaiti hazina neno, lakini ramani yenyewe ndiyo mbovu, na ramani ni kazi ya kampuni, si ya halmashauri. Pingamizi hili lina haki yake. Setilaiti hukwambia ulipo, haikwambii kama pale mbele kuna lami. Barabara huchorwa na binadamu, au na mashine inayosoma picha za binadamu, na foleni hukisiwa kutokana na mwendo wa simu zilizomo mifukoni mwetu. Dada huamini anachoambiwa, na huamini upesi mno. Februari 2020 msanii mmoja wa Berlin, Simon Weckert, alipakia simu 99 kwenye kigari kidogo, akakivuta polepole barabarani, na ramani ya Google ikapaka mtaa mtupu rangi nyekundu ya foleni. Mwaka uliotangulia, karibu na uwanja wa ndege wa Denver, magari yapatayo mia moja yaliyokuwa yakikwepa ajali yalifuatana kwenye njia ya udongo yakanasa matopeni, kila dereva akipata imani kwa kumwona aliye mbele yake. Sikatai, basi, kwamba dada ni mwepesi wa kudanganywa. Ninachouliza ni nani mwenye wajibu wa kumwambia kweli, na kama amewahi hata kujaribu.

Kwamba inawezekana, tumeona. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa kata zinazofurika za Dar es Salaam waliingia uchochoro kwa uchochoro wakiwa na simu, wakachora mitaro, vinjia na makalavati ambayo hayakuwahi kuwa kwenye ramani yoyote. Hawakuwa na mamlaka ya kuziba shimo wala kusimika nguzo. Walikuwa na miguu. Wenye mamlaka, kwa upande wao, ndio wanaojua kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba barabara fulani itachimbwa Jumatatu, kwamba mtaa fulani sasa ni wa kwenda tu bila kurudi, kwamba kalavati la mto fulani limekaa vibaya tangu masika. Habari hiyo ipo, imepigwa mhuri, imo kwenye faili. Kazi iliyobaki ni kuitoa faili mlangoni. Badala yake kibao cha "Barabara Imefungwa" husimikwa palepale ilipofungwa, mbele ya lundo la kifusi, wala si kona tatu nyuma ambapo mtu angeweza kuchepuka. Kile cha "Samahani kwa Usumbufu" huachwa miaka baada ya mkandarasi kuondoka, kikiomba radhi kwa usumbufu ambao hakuna anayeukumbuka. Na kibao cha kumaliza mwendo wa 50 hung'olewa na wauza chuma chakavu kisirudishwe, dereva akabaki anabahatisha kijiji kinaishia wapi, mpaka anapomulikwa na tochi ya trafiki aliyekaa kwenye kivuli cha mwembe. Trafiki huyo hajapotea hata siku moja. Ni kama ndiye pekee serikalini aliyekabidhiwa ramani kamili.

Kwa muda mrefu jambo hili huonekana la kuchekesha, hadi lisipochekesha tena. Novemba 2024, katika wilaya ya Bareilly nchini India, watu watatu walikufa baada ya gari lao, lililokuwa likifuata ramani ya simu, kutumbukia kutoka kwenye daraja ambalo sehemu yake ilikuwa imechukuliwa na mafuriko. Dunia nzima iliandika kuhusu ramani. Lakini daraja lilikatika kabla ya siku ile, na mahali pale hapakuwa na kizuizi cha kumsimamisha mtu usiku. Mapipa mawili yaliyojazwa mchanga, ubao, kitambaa chekundu: bei yake haifiki posho ya kikao kimoja. Polisi wa huko walifungua shauri lililowataja pia wahandisi wa idara ya ujenzi, na ndivyo ilivyopaswa. Huku kwetu, Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga kwa mvua za Kimbunga Hidaya. Programu ya ramani haijui kuwa maji yamepita juu ya lami mpaka mtu aiambie, au mpaka simu za kutosha zisimame mahali pamoja zikiwa na wenye njaa.

Kuna watakaoniambia kwamba serikali haikulala. Ni kweli. Mwaka 2022, kuelekea Sensa ya Agosti, ilifanyika operesheni kubwa ya anwani za makazi: mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikabandikwa namba, na programu ya simu ikatengenezwa, inaitwa NaPA, yenye hayo yote. Ni kazi ya kuheshimiwa, na mwenye kuibeza hajawahi kujaribu kumwita zimamoto Tandale. Tatizo ni kwamba walioitangaza hawakuanza wao kuitumia. Soma tangazo la ofisi ya umma leo: ukumbi uko mkabala na kituo cha mafuta, nyuma ya msikiti, jirani na ilipokuwa benki. Fomu bado inadai sanduku la posta kwa mtu ambaye hajawahi kupokea barua. Kama mwenye namba haitaji namba yake, bodaboda aliyebeba chakula chako kitakachopoa ana sababu gani ya kuitafuta? Atapiga simu akuulize uko wapi, utamtumia lokesheni, atafika mtaa wa pili, atapiga tena, na mtaishia kuelekezana kwa rangi ya geti.

Na sisi raia tusijifiche nyuma ya halmashauri. Makutano ya Ubungo yalijengewa barabara za juu zilizofunguliwa mwaka 2021, lakini bado tunamwelekeza mgeni Ubungo Mataa, kama tunavyomwelekeza Tabata Dampo palipokwisha kuacha kuwa dampo. Akiuliza ni umbali gani, jibu ni "hapo hapo mbele", na mbele kwetu hupimwa kwa mdomo uliobinuliwa. Wapo wanaohimiza tuzime simu turudi kuuliza watu, kwa hoja kwamba mtu ana utu na mashine haina. Utu anao, ndiyo maana anaona aibu kusema hajui, akakuelekeza hivyohivyo ili usiondoke mikono mitupu. Dada angalau hupotosha bila huruma.

Ila yupo mmoja kati ya watu hao ambaye namtetea. Ni bodaboda wa kijiwe cha njia panda, anayejua ni kivuko kipi kimezolewa jana usiku, lori gani limelala kwenye mlima, na mkandarasi gani ameondoka na greda lake kwa kuwa hajalipwa. Habari hiyo hutoa bure, au kwa bei ya soda, na kufikia saa nne asubuhi kijiwe kizima kinayo. Halmashauri iliyo umbali wa nusu saa kutoka hapo ina kitengo cha habari chenye mpiga picha, na karibu kila siku hupandisha mtandaoni picha za mkurugenzi akiwa amevaa kofia ya ujenzi, amenyoosha kidole, akikagua barabara ileile. Maelezo chini ya picha hutaja waliohudhuria kwa vyeo vyao vyote, na hayasemi kama inapitika.