Sifa za PageMaker Ndani ya Windows 11

Watu husifu wachumba na timu za mpira. Hata daladala bovu halikosi wa kulisifia muziki wake. PageMaker 7.0, programu ya kupanga kurasa, ikisakinishwa kwenye kompyuta mpya ya Windows 11, haina msifiaji. Na tuisifu leo, maana imetuvumilia mengi.

Tuanze na umri, kwa sababu mkubwa ni mkubwa. Ukoo wake ulianza mwaka 1985 kwa Paul Brainerd na kampuni yake ya Aldus, mjini Seattle, Marekani. Adobe ikainunua Aldus mwaka 1994, na toleo la 7.0, kitinda mimba, likatoka 2001. Ukitaka kulifungua leo, piga hodi kwanza. Bofya alama yake kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa za faili, tafuta ukurasa wa upatanifu, agiza Windows 11 ijifanye Windows XP, kisha weka tiki kwamba programu iendeshwe kwa ruhusa ya msimamizi. Mashine nzima ya biti 64 inaigiza ujana wake ili mgeni asishtuke. Tena hiyo XP yenyewe ni mdogo wake: ilitoka Oktoba 2001, PageMaker 7.0 ikiwa tayari iko sokoni. Ni programu gani ya kisasa inayoamkiwa hivi?

Ukisahau kuipa ruhusa ya msimamizi, ndipo utakapoona adabu ya Windows. Tangu zama za Vista, folda ya programu imewekewa ulinzi. Programu haiandiki humo hivihivi. PageMaker haina habari. Imezoea kuhifadhi mipangilio yake kando ya mlango wake, na inaendelea. Windows haibishani nayo. Inapokea kilichoandikwa, inakwenda kukiweka kwenye folda ya pembeni iitwayo VirtualStore, na kila PageMaker ikiuliza, inaletewa kutoka huko. Mzee anaamini nyumba bado ni yake. Wako mabalozi wasioweza kazi hiyo.

Msomi atasema haijui Unicode, ule mfumo wa herufi za lugha zote. Kweli, haijui, na waandishi wa Kiarabu na Kichina wana haki ya kununa. Sisi herufi zetu zote zimo, na ritifaa ya ng'ombe inaiweka vizuri tu. Menyu zake kwenye skrini ya kisasa zina ukungu kidogo, lakini anayeijua hahitaji kuzisoma.

Sifa yake kuu, hata hivyo, imo kwenye PDF. Vijana wanaotoa PDF kwa mbofyo mmoja hawajui wanachokikosa. Hapa unachapa kwanza kwenda kwenye printa isiyokuwepo, ili upate faili la PostScript, faili hilo unalikabidhi kwa Distiller, programu ya kuligeuza PDF, Distiller inatafakari, mwishowe inakupa ukurasa ambao fonti yake ya maringo imegeuka Courier. Unarudi mwanzo. Wakati huo mteja wa kadi za harusi, aliyeingia akisema ana haraka, ameshakaa, ameagiza chai, ameanza kuisoma upya ile nakala ya majaribio. Ghafla anashtuka: jina la baba mkubwa wa bwana harusi halimo! Programu mpya ingekuwa imeshamaliza kadi 300 bila baba mkubwa, na ukoo mzima ungekuwa kwenye kikao cha usuluhishi.

Ndugu zake nao si haba. Photoshop CS6, baada ya Windows 10 kusasishwa, ilianza kuwadai watumiaji wake waingize namba kamili iliyo kati ya 96 na 8. Walimu wa hesabu walinyamaza. Dawa ilikuwa kuingia kwenye rejista ya Windows na kuidanganya programu kuhusu ukubwa wa kumbukumbu ya mashine, kwa sababu ukweli ulikuwa umeilemea.

Wabeuzi wanasema hama, nenda InDesign, lipa kila mwezi kama wenzako. Waende. Ila InDesign ilifungua mafaili ya PageMaker hadi toleo la CS6 tu. Zile za Creative Cloud, zilizoanza mwaka 2013, haziyatambui hata kidogo. Kitabu cha nyimbo za kwaya kilichopangwa mwaka 2003 kimo humo ndani, kurasa zote, na kwaya sasa inataka kukichapa upya kabla ya Pasaka.

Ndiyo maana utamwona dizaina kijana, mwenye kompyuta inayong'aa na usajili uliolipiwa, akiingia duka dogo la uchochoroni huku ameshika flashi.

“Shikamoo mzee. Eti ile PageMaker bado ipo?”

“Marahaba. Ipo. Kaa kwanza, bei tutaongea ikishafunguka.”