Sifa za Mheshimiwa Rota

Lubumbashi tunajua kusifu wakubwa. Mwenye mgodi akigawa mifuko ya saruji, wimbo wake unatungwa kabla saruji haijakauka. Lakini yupo mkubwa mmoja anayeingia Katuba, Kampemba na Ruashi bila king'ora, akakesha na nyumba nzima, na bado hana hata ubeti mmoja. Leo namlipia deni hilo. Namsifu kirusi cha rota, bwana wa kuhara kwa watoto.

Kwanza, unyenyekevu wake. Alikaa matumboni mwa watoto bila kudai jina hadi mwaka 1973, Ruth Bishop na wenzake wa Melbourne, Australia, walipomwona kwa darubini ya elektroni katika vipande vya utumbo wa watoto waliougua. Vyeo pia havimshughulishi. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mchimba kobalti, karibu wote humpokea kabla ya kutimiza miaka mitano. Wanaachana baadaye tu, kwenye nauli ya kufika hospitali, na hilo tusimlaumu yeye.

Pili, usiri wake. Mali yake yote ni vipande 11 vya RNA, kila kimoja kikiwa na nyuzi mbili zilizoshikana. Seli zetu zikikuta RNA ndefu ya namna hiyo ikielea ndani yao hupiga mbiu ya hatari papo hapo. Mheshimiwa analijua hilo, ndiyo maana haifichui. Huja amevaa maganda matatu. Akiingia katika seli ya utumbo huvua la nje tu. Ndani ya yale mawili yaliyobaki amekuja na vimeng'enya vyake vya kunakili, kwa sababu seli haina chake cha kuisoma RNA ya nyuzi mbili. Nakala za uzi mmoja hupenyezwa nje kupitia vitundu vya ganda, huku zile nyuzi mbili zimefungiwa ndani vilevile. Ni waziri gani aliyewahi kutunza siri ya serikali namna hii?

Tatu, utawala wake. Nakala zikishatoka, protini yake moja huzishika mkiani na kuzipa nafasi ya mbele kwenye mitambo ya seli ya kutengenezea protini. Kazi za mwenyeji zinalala. Protini nyingine inawanyamazisha wapiga mbiu. Kisha anajenga karakana mle mle ndani, na kila ganda changa linapokea nakala zake 11, aina moja moja. Hapo tu, ndani ya ganda, ndipo uzi wa pili unapotengenezwa. Basi tangu kirusi kiingie hadi watoto wake watoke, seli haijaonyeshwa mali yenyewe. Sisi wa Katanga, tangu Union Minière ianzishwe mwaka 1906, tumeona kampuni zikija na mashine zao, zikatumia umeme wetu na mikono yetu, mali ikavuka Kasumbalesa imefunikwa turubai. Zote ni wanafunzi wa huyu.

Nne, ukarimu wake. Protini yake nyingine ni sumu inayovuruga kalsiamu ndani ya seli, hata chumvi na maji ya mtoto vikamwagika. Gramu moja ya kinyesi inaweza kubeba mabilioni ya chembe zake, na chini ya mia moja zinatosha kumfikia mtoto wa jirani. Hata tripsini, kimeng'enya chetu cha kusaga chakula, badala ya kummaliza humnoa.

Wala hakutusahau katika hesabu za dunia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2013 aliua watoto 215,000 wa chini ya miaka mitano. Karibu nusu yao walikuwa wa nchi nne: India, Nigeria, Pakistan na Kongo yetu. Nani anasema hatupati nafasi za juu?

Ana chuki mbili tu. Sabuni humchelewesha bila kumzuia, na antibiotiki tunazonunua vibandani zinamchekesha. Anachokichukia ni matone ya chanjo, ambayo Kongo iliyaingiza katika ratiba ya watoto mwaka 2019, na kile kipakiti cha SRO kinachorudisha maji mwilini. Chanjo haimfukuzi kila mara, lakini inamnyima makali ya kuua.

Basi, mama na baba, amesifiwa vya kutosha. Mpelekeni mtoto akapate matone kuanzia wiki ya sita, na mmalize dozi zote. Akianza kuhara, mnyonyesheni na mmpe SRO na zinki tangu choo cha kwanza. Macho yakizama au akishindwa kunywa, msingoje kupambazuke.