Mbwa Huyu Si Wangu

Kwa Afisa wa Leseni za Mbwa,
Kaunti ya Trans Nzoia
(Nakala kwa mwenzako wa Bungoma),
Popote mlipo.

Mheshimiwa,

YAH: MBWA WANAOPOTEZA WENYEWE KUNAPOPAMBAZUKA

Nakuandikia kutoka Kitale. Hunijui, nami sikujui, lakini najua upo kwa sababu Katiba ya 2010 imekutaja. Katika Jedwali la Nne, pale kazi za kaunti zinapoorodheshwa, leseni za mbwa zimeandikwa wazi. Orodha hiyo hiyo ina masoko, hospitali na makaburi. Nimeusifu mpango huo: mtu akiumwa akienda sokoni apite hospitali, na dawa ikikosekana, safari iliyobaki si ndefu.

Unisamehe mwandiko. Naandika nikiwa nimekalia upande mmoja, wa pili uko likizo.

Mimi ni muuza maziwa. Jumanne moja alfajiri nilifika kwa mteja wangu nje kidogo ya mji. Getini pameandikwa MBWA KALI kwa rangi nyekundu. Walimu wa Kiswahili wamelalamikia sarufi ya maandishi hayo tangu nikiwa shule ya msingi, lakini kwa maana hayana kosa. Geti lilikuwa wazi. Mbwa akatoka kuthibitisha kilichoandikwa.

Wiki moja kabla, mteja huyo akinilipa, alikuwa amenisifia mbwa wake kwa robo saa. Jina lake Simba. Hata upepo ukipita usiku, Simba anauuliza kitambulisho. Sasa, damu ikinichuruzika, nilimwita atoke amwone Simba wake. Akatazama suruali yangu, akatazama mbwa, akasema: "Huyu? Huyu si wangu. Ni koko tu, huja kula makombo." Koko mwenyewe alikuwa amejilaza juu ya viatu vyake, akitikisa mkia.

Hapo ndipo nilipogundua ugonjwa ambao wataalamu bado hawajaupa jina. Mbwa wetu ana mwenyewe usiku, mchana ni yatima. Akibwekea mwizi ni wangu, akiuma mtoto wa shule ni wa mtaa. Akizaa, watoto ni wangu na wana bei. Akishikwa na kichaa, ametoka upande wa Uganda.

Nimejaribu kumsaidia mteja wangu kwa kusoma sheria. Kuna Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 243, kinachomtia hatiani mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Tena kuna kanuni tuliyorithi kwa Waingereza pamoja na chai ya maziwa: aliyejua mbwa wake ana tabia ya kuuma hulipa, hata kama siku hiyo hakuzembea. Basi mwenye nyumba anaponunua rangi nyekundu na kuandika MBWA KALI, anadhani amejikinga. Kumbe ameandika ungamo lake, akalitundika barabarani, hata wakili wangu asihangaike kutafuta shahidi.

Lakini sheria zote hizo, Mheshimiwa, huanza na neno moja: mwenye. Na mwenye mbwa ndiye asiyepatikana. Polisi waliponipa fomu ya P3 waliniuliza mbwa ni wa nani. Nikataja nyumba. Wakaniuliza ushahidi. Nikasema mkia.

Hospitali ya kwanza sitaitaja. Waliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na kwa hilo nawashukuru, maana ndiyo dawa ya kwanza. Ya pili, yaani chanjo, ilikuwa imeisha. Nikashauriwa nijaribu Bungoma. Nikapanda matatu: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, nikiwa nimesimama kwa hiari yangu. Abiria wakaligeuza gari kuwa kliniki. Mmoja alishauri nichome nywele za mbwa yule nijipake majivu. Mwingine alitaka tumuue mbwa mara moja. Nikawaeleza nilivyoambiwa: mbwa hufungwa na kuangaliwa siku 10, kwa sababu mbwa aliyeuawa na kutupwa hasemi alikuwa na nini. Mzee mmoja akauliza, "Na nani atamfunga, ikiwa hana mwenyewe?" Gari zima likanyamaza hadi Webuye.

Bungoma nilipata sindano. Ratiba ni tano: siku hiyo, kisha baada ya siku 3, 7, 14 na 28. Mbwa hutosheka na sindano moja kwa mwaka. Tunaokoa ya mbwa ili tununue tano za mtu, na tunajiita wafanyabiashara. Ugonjwa wenyewe wa kichaa cha mbwa, dalili zikishajitokeza, karibu kila mara ni mauti. Mwaka 2014 serikali ilitoa mkakati wa kuumaliza kwa binadamu ifikapo 2030, na makadirio ya wakati huo yalikuwa vifo 2,000 hivi kwa mwaka nchini. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Sasa, mia yenyewe tutaihesabu vipi, ikiwa ukiuliza kijiji kizima kina mbwa wangapi utajibiwa "hatuna", huku hamsikilizani kwa kubweka?

Ndugu zangu wa Bungoma msicheke. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili bila baki, vijana wa Kibukusu wanaoelekea tohara hukimbia barabarani na chinyimba mikononi, kengele hizo zikilia. Kijana hutoka kwa mjomba wake akiwa amevishwa luliki, nyama mbichi shingoni, akapita mbele ya mageti ishirini yaliyoandikwa MBWA KALI. Tunampa kila onyo kuhusu kisu, na tunasahau meno.

Ombi langu ni dogo. Sitaki mbwa wauawe, kwani wengi wao ni waungwana kuliko waliowafuga. Nataka daftari. Jina la mbwa, jina la mwenye mbwa, tarehe ya chanjo. Nyumba Kumi, ile kamati ya usalama mtaani, inajua ni nani aliyepokea mgeni jana usiku, haiwezi kushindwa na Simba. Siku mbwa akiuma, tufungue ukurasa, tusitafute mkia.

Nilikuwa nimefika mwisho wa barua hii nikiwa nimeridhika nayo, ndipo mtoto wa jirani alipokuja analia, soksi imechanika. Tiger wangu alikuwa amempitia mguuni. Mama yake akauliza kwa sauti, "Huyu mbwa ni wa nani?" Nami, Mheshimiwa, nikiwa na kalamu hii mkononi, nilisikia mdomo wangu ukianza kusema, "Huyu? Huyu ni…"

Nimemfunga Tiger. Mtoto tumemwosha, na nauli ya kumpeleka hospitali nimetoa mimi. Tafadhali nitumie fomu namba moja ya daftari hilo, kama bado hakuna aliyeichukua. Mwenye mbwa ni mimi, hata mchana.

Wako mtiifu,
Muuza maziwa,
Kitale.